Lillian Wald, Muuguzi Aliyehamia kwa Wagonjwa Wake



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wamisionari na wahubiri wa zamani. Safari hii nawaletea mtu ambaye hakuhubiri hata siku moja, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa mwanamke wa Kiyahudi, muuguzi kwa kazi yake, aliyeishi Marekani katika mji wa New York. Jina lake ni Lillian Wald. Wako watakaouliza kwa nini gazeti la kanisa limpe nafasi mtu huyo. Nina sababu mbili. Ya kwanza, wagonjwa wake walikuwa watu waliokimbia kwao, kama sisi. Ya pili nitaisema mbele kidogo, kwa sababu inanigusa mimi mwenyewe na kikao chetu cha wazee.

Habari zake nilizipata katika kitabu alichokiandika mwenyewe mwaka 1915, kinachohusu nyumba yake ya Mtaa wa Henry. Kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, chini ya vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, jalada lake limeliwa na mchwa. Kiingereza chake ni kigumu, nilikisoma kwa kamusi. Baadaye nikatafuta habari nyingine kumhusu.

Lillian alizaliwa tarehe 10 Machi 1867 huko Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ujerumani. Hawakuwa maskini. Baba yake alifanya biashara ya miwani na vifaa vya namna hiyo, na familia ikahamia Rochester, mji wa jimbo la New York, Lillian angali mtoto. Alisoma shule nzuri ya wasichana. Alipokuwa na miaka 16 aliomba nafasi katika chuo kikuu cha wanawake cha Vassar, akakataliwa kwa kuwa umri wake ulikuwa bado mdogo. Basi akakaa nyumbani miaka kadhaa, akienda kwenye sherehe na matembezi kama binti wa watu wenye uwezo.

Kilichombadilisha ni muuguzi. Dada yake aliugua, muuguzi akaja nyumbani kumtunza, na Lillian alipoiona ile kazi akaitamani. Mwaka 1889 aliingia shule ya wauguzi ya hospitali ya New York, akamaliza mwaka 1891. Mwaka mmoja alifanya kazi katika nyumba ya kulelea watoto. Hakuipenda namna watoto walivyotendewa humo, akaondoka, akaanza masomo ya udaktari katika chuo cha wanawake. Kama mambo yangeendelea hivyo, angekuwa daktari mwenye jina lake mlangoni.

Sasa tuangalie mji wenyewe. Upande wa mashariki wa New York, sehemu ya kusini, kulikuwa na mitaa iliyojaa wageni. Tangu mwaka 1881 Wayahudi wa Urusi walikuwa wanashambuliwa, nyumba zao zinachomwa, maduka yao yanaporwa, na sheria za serikali zinawabana wasiishi wala kusoma wanapotaka. Walikimbia kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Walipanda meli wakashuka New York bila kitu. Pamoja nao walikuwako Waitaliano waliofukuzwa na njaa, na watu wa mataifa mengine. Walipanga vyumba katika majengo ya ghorofa tano au sita yaliyobanana sana, vyumba vya ndani havina dirisha, choo ni cha wengi na mara nyingi kiko nje uani. Familia ilikaa vyumba viwili, kisha ikapangisha kitanda kwa mgeni mwingine ili ipate kodi. Humo humo walishona nguo za kuuza, watoto nao wakishona. Kifua kikuu kilienea kama moto wa nyasi. Nadhani kwa wasomaji wa gazeti hili sina haja ya kueleza zaidi watu wengi kukaa chumba kimoja maana yake nini.

Mwaka 1893 Lillian, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikuwa anakwenda katika mitaa hiyo kuwafundisha wanawake wageni jinsi ya kumtunza mgonjwa nyumbani, kutandika kitanda chake na kumwosha. Siku moja ya mwezi wa Machi, mvua ya manyunyu ikinyesha, alikuwa katikati ya somo. Mtoto wa kike akaja akasema mama yake ni mgonjwa. Lillian aliacha somo akamfuata. Mtoto alimpitisha katika njia mbovu zenye matope na takataka, wakavuka ua wenye vyoo vilivyo wazi, wakapanda ngazi chafu mpaka chumba cha nyuma katika Mtaa wa Ludlow. Walikuwamo watu saba wa familia na wapangaji juu yake. Baba alikuwa kilema, akiomba omba barabarani. Mama alikuwa amejifungua, amelala juu ya kitanda kichafu kilicholowa damu iliyotoka tangu siku mbili nyuma.

Akina mama wanaosoma habari hii wanajua damu ya siku mbili maana yake nini.

Lillian alimwosha yule mama, akabadilisha matandiko, akafanya aliyoweza. Alipomaliza wale watu walimbusu mikono. Jambo hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Aliona aibu kwamba yeye ni mmoja wa jamii inayoacha mambo kama hayo yawepo, kisha anashukuriwa kana kwamba amewapa zawadi. Katika kitabu chake anakiri kwamba siku hiyo alidhani mambo hayo yapo kwa sababu tu watu hawayajui, na kwamba wakijulishwa yatakoma. Anakiri pia kwamba mawazo hayo yalikuwa ya kitoto. Aliporudi kwake hakurudi tena darasani kusomea udaktari. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hapa ndipo anapotofautiana na watu wengi wema. Angeweza kukusanya nguo na chakula akavileta kila Krismasi. Yeye na rafiki yake Mary Brewster, muuguzi mwenzake, waliamua kuhamia huko huko, wakae kama majirani. Walianza kwa kukaa miezi michache katika nyumba ya wanawake wasomi waliokuwa wameshahamia mtaa ule kabla yao. Nyumba za namna hiyo zilianza London mwaka 1884, na mwanzilishi wake alikuwa padri wa Kianglikana, Samuel Barnett, aliyetaka wasomi waishi kati ya maskini. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa Kiingereza nyumba hizo ziliitwa kwa neno lile lile wanaloliita makazi yetu haya. Neno ni moja. Kwao lilikuwa na maana ya watu waliochagua kuhamia. Sisi tunajua maana nyingine.

Baadaye Lillian na Mary walipanga chumba ghorofa ya juu kabisa katika Mtaa wa Jefferson. Watu walipanda ngazi kuwaita usiku na mchana. Pesa walipewa na tajiri mmoja wa benki, Jacob Schiff, na mama mkwe wake, Bibi Loeb. Idara ya afya ya mji iliwaruhusu kuvaa beji ili wapokelewe nyumbani kwa watu. Walibeba dawa, maziwa, barafu ya kupoza homa, mashuka safi. Mwaka 1893 huo huo uchumi wa Marekani ulianguka na watu wengi wakapoteza kazi, kwa hiyo mara nyingi ugonjwa waliokuta ulikuwa ni njaa.

Mwaka 1895 Schiff aliwapatia nyumba namba 265 katika Mtaa wa Henry. Wauguzi wengine wakaja kukaa nao, na wasio wauguzi pia. Uani kwa nyuma walitengeneza uwanja wa watoto kuchezea, mmoja wa viwanja vya kwanza vya namna hiyo mjini New York, kwa sababu watoto wa mtaa walikuwa wanacheza barabarani katikati ya mikokoteni na farasi.

Nataka tukae kidogo kwenye utaratibu wa kazi yao, maana ndipo penye mafundisho, na mimi nimekaa katika makambi miaka ya kutosha kujua kwamba utaratibu unaweza kuokoa mtu au kumuua.

Kwanza, muuguzi aliweza kuitwa na yeyote. Zamani zile mashirika mengi yalitaka mgonjwa aje na barua ya daktari au ya mtu wa dini. Lillian alikataa. Mtoto, jirani, muuza duka, yeyote aliyegonga mlango na kusema fulani anaumwa, muuguzi alikwenda. Hebu fikiria ni wangapi wanakaa na maumivu kwa sababu karatasi haijapigwa muhuri.

Pili, malipo. Mwenye uwezo alilipa senti chache, asiye na uwezo hakulipa, na muuguzi hakumhudumia mmoja tofauti na mwingine. Kwa nini alipokea senti za maskini wakati tajiri Schiff yuko? Kwa sababu aliona kwamba mtu anayelipa hata kidogo anaweza kumwita muuguzi bila kuinamisha uso. Anamwita kama anavyoita fundi. Jambo hili nilibishana nalo sana moyoni. Wengi wetu tumeishi kwa mgao miaka mingi, na tunajua jinsi mtu anavyobadilika anapokuwa wa kupokea tu. Lakini pia nimeona pesa ndogo ikimzuia mama kwenda kutibiwa. Nadhani siri yake ilikuwa kwamba asiyekuwa nazo hakuulizwa mara mbili.

Tatu, na hili ndilo lililonichoma: dini haikuingizwa. Wakati huo walikuwako wauguzi waliotumwa na makanisa na mashirika ya dini, na baadhi yao walipomwosha mgonjwa walimwachia pia karatasi ya mahubiri. Wayahudi waliowakimbia watu waliokuwa wanawatesa huku wamevaa misalaba, wakimwona mtu wa namna hiyo mlangoni waliogopa, wakaficha wagonjwa wao. Lillian alisema muuguzi hatakwenda kwa jina la dhehebu lolote, na hatamwuliza mgonjwa anasali wapi.

Mimi ni mchungaji. Nimefundishwa chuoni kwamba kila mlango ni nafasi ya Injili, na bado naamini hivyo. Lakini niseme ukweli mbele yenu. Miezi miwili iliyopita wazee wa kanisa waliniuliza kama sabuni na uji wa kamati ya wamama wanaotembelea wagonjwa vipelekwe kwa washirika waliomo katika daftari tu, au pia kwa majirani wa makabila mengine na madhehebu mengine, na Waislamu wa upande wa kisimani. Nilijibu kwamba vitu ni vichache, tuanze na wetu. Hakuna aliyebisha. Juma lile lile mama mmoja asiyekuwa katika daftari letu alilala na homa siku nne baada ya kujifungua, nyumba ya tatu kutoka kanisani, na wamama wetu walipita mlangoni pake wakielekea kwa mwingine. Amepona, Mungu ashukuriwe, jirani alimpeleka zahanati kwa baiskeli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya pili niliyowaahidi. Mfano wa Msamaria tumeuhubiri mara nyingi kutoka Luka sura ya 10. Kumbukeni ni nani katika mfano ule aliyepita kando.

Turudi Mtaa wa Henry. Kazi ilikua haraka. Kutoka wauguzi wawili, kufikia mwaka 1913 walikuwa 92, na kwa mwaka walifanya ziara zipatazo 200,000 majumbani. Ipo picha maarufu ya mwaka 1908 ya muuguzi wa nyumba ile akiruka kutoka paa la jengo moja kwenda paa la jengo jirani, begi mkononi, sketi ndefu imefika vifundoni. Walifanya hivyo ili wasishuke ghorofa tano na kupanda nyingine tano kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ninapowaona wahudumu wetu wa kujitolea wakivuka mtaro wa mvua wamevua viatu, naikumbuka picha ile.

Je, kumtunza mgonjwa nyumbani kulifaa kitu? Lillian hakuridhika na kusema tu kwamba kunafaa, aliandika hesabu. Katika mwaka 1914 wauguzi wake walihudumia nyumbani wagonjwa 3,535 wa homa ya mapafu, na waliokufa walikuwa kama 8 katika kila mia. Wakati huo huo katika hospitali nne kubwa za mji, wagonjwa wa homa ile ile waliokufa walikuwa kama 31 katika mia. Mtu mwenye busara atasema labda hospitali zilipokea waliozidiwa zaidi, na ni kweli yawezekana. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Dawa za kuua vijidudu tunazozijua leo hazikuwapo. Kilichowaokoa ni usafi, maji ya kunywa, hewa, chakula, na mtu anayerudi kesho kukuangalia.

Habari ya shule nayo tusiiache. Wakaguzi wa afya wa mji walikuwa wanapita mashuleni na kuwatoa watoto wenye ugonjwa wa macho wa trakoma, upele, chawa na mapunye. Mtoto alirudishwa nyumbani na kikaratasi ambacho mama hakuweza kukisoma. Hakutibiwa, na jioni alicheza barabarani na wenzake wale wale waliobaki darasani. Lillian alikutana na mvulana wa miaka 12 ambaye hakuwahi kusoma kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi ya kichwa, kila alipopelekwa alirudishwa. Alimtibu kwa dawa ya kupaka, kwa uangalifu tu, na mtoto akapokelewa shuleni. Akaanza kuwaandika watoto wa namna hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1902 aliiambia serikali ya mji kwamba atatoa muuguzi mmoja kwa mwezi mmoja kwa majaribio, kwa sharti kwamba yakifaulu, mji wenyewe utalipa mishahara. Muuguzi huyo aliitwa Lina Rogers. Alipewa shule nne. Aliwatibu watoto pale pale shuleni magonjwa madogo, akawafuata nyumbani wenye makubwa, akawaeleza wazazi. Mwezi haujaisha vizuri, mji ukakubali. Mwezi wa Septemba 1902 watoto 10,567 walikuwa wamefukuzwa darasani kwa ugonjwa. Septemba 1903 walikuwa 1,101. Huo ndio mwanzo wa wauguzi wa shule waliolipwa na serikali ya mji huko Marekani.

Mtaona namna yake ya kufanya kazi. Alianza jambo dogo kwa pesa ya msaada, akaonyesha hesabu, kisha akaidai serikali ilichukue. Hakutaka maskini wategemee wema wa tajiri milele. Mwaka 1909 alifanya vivyo hivyo na kampuni kubwa ya bima ya maisha ya Metropolitan: aliishawishi iwalipe wauguzi kuwatembelea wafanyakazi waliokatiwa bima wanapougua, na mpango huo ukaenea katika miji mingi ya Marekani na Kanada.

Jambo kubwa kuliko yote lilianza na mdudu. Mwaka 1903 Lillian alikuwa mezani na rafiki yake Florence Kelley, mwanamke aliyepigania watoto wasifanyishwe kazi viwandani. Barua moja ilikuwa imeletwa ikiuliza kwa nini watoto wachanga wanakufa wengi majira ya joto, na hakuna ofisi yenye jibu. Katika gazeti la siku ile wakasoma kwamba waziri wa kilimo amesafiri kwenda kusini kukagua hasara iliyoletwa na mdudu anayekula pamba. Lillian akawaza kwamba kama serikali ina ofisi ya kuhesabu pamba iliyoharibika, inakuwaje haina ofisi ya kuhesabu watoto waliokufa. Wazo hilo likafikishwa kwa Rais Theodore Roosevelt. Ilichukua miaka tisa ya kuandika, kusafiri, kushuhudia mbele ya wabunge, kukataliwa na kurudi tena. Mwezi wa Aprili 1912 Rais Taft alitia sahihi sheria ya kuanzisha Idara ya Watoto, na Julia Lathrop akawa mkuu wake, mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya serikali kuu ya Marekani. Lillian aliombwa jina lake litajwe kwa nafasi ile, hakutaka, akabaki mtaani kwake.

Moja ya mambo ambayo idara hiyo iliyahimiza ni watoto wote waandikishwe wanapozaliwa, kwa sababu mtoto asiyeandikwa popote akifa hakuna anayejua kwamba alikuwepo. Sisi tuliokaa foleni kutafuta cheti cha kuzaliwa cha watoto waliozaliwa ugenini tunaelewa.

Habari ya rangi nayo ilikuwa ngumu katika nchi ile. Weusi na Wazungu hawakuketi meza moja sehemu nyingi. Katika Mtaa wa Henry madarasa na vikundi vilikuwa vya wote. Mwaka 1906 Lillian alimwajiri Elizabeth Tyler, muuguzi Mwafrika wa Marekani, kwa mshahara sawa na wa wauguzi Wazungu. Karibu na Mtaa wa Henry Weusi walikuwa wachache, na hakuna aliyemwita. Elizabeth hakukaa kusubiri. Alikwenda mitaa ya Weusi upande wa magharibi wa mji, akawauliza watunza majengo ni chumba gani kina mgonjwa, akabisha hodi. Baada ya muda wagonjwa wakawa wengi kuliko uwezo wake, muuguzi mwingine Mwafrika akaongezwa, na tawi likafunguliwa huko. Nisifiche kwamba wauguzi Weusi waliwekwa zaidi kwa wagonjwa Weusi, hata kwa Lillian ukuta ule haukubomoka wote. Lakini mwaka 1909, watu walipokutana New York kuanzisha chama cha kutetea haki za Weusi, ambacho kipo mpaka leo, Lillian alikuwa miongoni mwa waliotia jina lao kwenye mwito, na wajumbe wa rangi zote walikaribishwa na kula katika nyumba yake.

Mwaka 1912 wauguzi wa afya ya jamii wa nchi nzima waliunda chama chao wakamchagua kuwa rais wa kwanza. Jina lenyewe, muuguzi wa afya ya jamii, ni yeye aliyelianzisha.

Kisha vita. Mwezi wa Agosti 1914, Ulaya ilipoanza kupigana, Lillian alikuwa kati ya viongozi wa maandamano ya wanawake kama 1,500 waliotembea kimya katika barabara kubwa ya New York wakiwa wamevaa nguo za maombolezo. Aliongoza chama cha kupinga Marekani kuingia vitani. Hilo lilimgharimu. Baadhi ya matajiri waliokuwa wanaisaidia nyumba yake waliacha kutoa, na wako waliomwita adui wa nchi. Wagonjwa wakabaki wale wale na pesa zikapungua. Ninamheshimu, ingawa najiuliza kama mimi, mwenye watu wa kulisha, ningethubutu kusema neno ambalo mfadhili hapendi kulisikia.

Watu wale wale waliomnung'unikia walimhitaji mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ilipofika. Mamia walikuwa wanakufa kila siku mjini New York, na wauguzi wengi walikuwa wamekwenda vitani. Lillian aliwekwa kuongoza baraza la dharura la wauguzi. Aliyaunganisha mashirika yote, mji ukagawanywa mitaa kwa mitaa ili wauguzi wawili wasiende nyumba moja huku nyingine ikisahauliwa. Wanawake waheshimiwa walisimama kwenye milango ya maduka ya kifahari wakiwagawia wapita njia makaratasi ya kuomba yeyote anayejua kumtunza mgonjwa ajitokeze. Wengi walijitokeza, hata wasiokuwa wauguzi. Walipika supu, wakaosha mashuka, wakakaa na watoto ambao wazazi wote wawili walikuwa kitandani.

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria kali ya kupunguza wageni, hasa wale waliotoka mashariki na kusini mwa Ulaya, yaani watu wa mtaa wake. Lillian alikuwa amepinga mawazo hayo miaka mingi, akiwaeleza Wamarekani kwamba wageni hawa wameleta kitu mikononi, hawakuja kuomba tu. Hapo alishindwa. Mlango ulifungwa, na miaka michache baadaye Wayahudi wa Ulaya walipohitaji pa kukimbilia, wengi walikuta bado umefungwa.

Afya yake ilianza kudhoofika katika miaka ile. Mwaka 1933 aliacha uongozi baada ya miaka 40, akahamia Westport katika jimbo la Connecticut, nyumba iliyo karibu na bwawa. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha pili. Hakuolewa wala hakupata mtoto. Alifariki tarehe 1 Septemba 1940 kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa Rochester alikokulia. Miezi michache baadaye watu zaidi ya elfu mbili walikusanyika katika ukumbi wa Carnegie mjini New York kumkumbuka. Kazi ya wauguzi ilitenganishwa na ile nyumba mwaka 1944, na zote mbili zinaendelea mpaka leo, wauguzi wakitembelea wagonjwa majumbani na nyumba namba 265 ikiwa bado inapokea watu wa mtaa.

Kikao cha wazee kitakuwa Jumamosi baada ya mgao, saa tisa alasiri, chini ya mti wa nyuma ya kanisa. Nimeomba suala la daftari la kamati ya wamama lirudishwe mezani, na jibu langu la mwanzo nimelifuta. Anayetaka kukisoma kitabu atakikuta kwa katibu, ila akirudishe, na asikiweke chini kwa sababu ya mchwa.